Usingizi wa Watu wa Kitovuni

Haya nilisimuliwa na wifi yangu Tusekile, mwaka ule mahindi yalipoozea shambani kwa mvua isiyojua kukoma. Tulikuwa tumekaa jikoni kwangu, tunapukuchua yale machache yaliyopona. Tusekile alikuwa amerudi kutoka nchi ya watu, alikokwenda kupika katika nyumba ya mkubwa mmoja. Nilimwuliza jina la nchi hiyo, akanitajia. Nami nimelisahau, tena nimelisahau kwa bidii, maana nina wajukuu wanaotafuta kazi serikalini.

Nijuavyo mimi niliyeishia darasa la nne, nchi hiyo si hii yetu. Hii yetu mambo yote yako sawa. Huko ni mbali, unavuka milima na mipaka, na watu wake wana desturi za ajabu: wanampigia mkubwa makofi kabla hajasema, kisha wanaulizana amesema nini. Wewe unayesoma usianze kugeuka nyuma kuangalia nani yupo. Soma tu.

Katika nchi hiyo kuna kijiji kinaitwa Kitovuni. Kilipata jina kwa sababu ya msitu uliokuwa juu ya chemchemi yao. Mtoto akizaliwa, kitovu kikikauka na kudondoka, mama yake anakichukua, anakwenda nacho msituni peke yake, anakizika penye mche wa mvule. Mti ule ndio wa mtoto. Ni upi, hamwambii mtu. Hata mtoto mwenyewe haambiwi, mpaka siku atakapopata mtoto wake wa kwanza na kitovu cha mtoto huyo kuletwa pale. Siku hiyo ndipo mama anapomshika mkono akamwambia, "Wako ni huu."

Mti ule hukatwa mwenyewe akishakufa. Wanaupasua mbao, wanamchongea jeneza, analala humo. Lakini ukikatwa naye bado yu hai, wanasema, hapati usingizi tena, labda aegemee ubao wa mti ule ule. Mimi sisemi ni kweli. Ninachosema ni kwamba msitu ule ulisimama tangu babu wa babu zao, na hapakuwa na askari hata mmoja wa kuulinda.

*

Gaspari Nguvila alizaliwa Kitovuni mwaka wa njaa. Mama yake aliitwa Bibi Vaileti, mjane, mwanamke wa maneno machache. Gaspari alipokuwa kijana alishika kazi ya kupasua mbao na mwenzake mmoja, Lameki, ambaye baadaye akawa fundi seremala wa kijiji.

Kupasua mbao kwa msumeno wa shimo ni kazi ya watu wawili. Gogo linalazwa juu ya shimo. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia chini shimoni. Wa juu anavuta, wa chini anavuta, na vumbi lote la mbao linamwangukia wa chini machoni na kinywani. Gaspari alikuwa wa chini. Wifi yangu anasema humo shimoni ndimo alimojifunza siasa yote: kwamba watu wawili wanaweza kuvuta msumeno mmoja kwa nguvu moja, lakini vumbi linajua pa kwenda.

Akaapa kwamba atapanda juu. Akapanda, na hakushuka tena. Akanunua mashine ya kupasulia. Mashine inataka kula, basi akaenda kilima cha upande wa kwao mama yake, alikozaliwa Bibi Vaileti, akakimaliza. Akaenda kilima cha pili. Watoto wake walizaliwa ng'ambo, katika hospitali yenye mazulia, na vitovu vyao vikatupwa huko huko pamoja na pamba chafu. Kwa hiyo Bibi Vaileti hakupata siku ya kumshika mkono na kumwambia, "Wako ni huu."

Vilima vilipokwisha, Gaspari aligundua kwamba anawapenda wananchi.

*

Aligombea kiti katika Baraza la Jimbo. Kampeni zake zilikuwa za mbao tupu. Malori yalipita vijijini na bendera, na kipaza sauti kikilia: "Ukiwa hai, kitanda! Ukifa, jeneza! Nguvila!" Kila nyumba ilipewa kitanda cha bure. Kitanda kilikuwa na miguu minne, na mbao za ubavuni, na kichwani kimechongwa picha ya Gaspari akitabasamu. Hakikuwa na chaga.

"Chaga ziko wapi?" watu wakauliza.

"Chaga baada ya kura," wakajibiwa.

Hotuba yake kubwa ilikuwa hii, Tusekile anaijua kwa moyo: "Ndugu wananchi! Mti uliosimama ni mali iliyolala! Na mali iliyolala ni nani wa kuiamsha? Ni mimi!" Makofi yakapigwa mpaka kuku wakakimbilia maporini.

Akashinda. Wananchi wakakaa kando ya vitanda vyao wakingoja chaga. Wapo waliopanga mabua ya mahindi wakayalalia. Wapo wanaongoja mpaka leo.

Huko mtu hupewa kulinda kitu anachokila, wakisema kwamba ndiye anayekijua utamu wake. Waziri wa Maji alikuwa mwenye magari ya kuuza maji. Waziri wa Barabara alisafiri kwa helikopta, ili asizichakaze. Sisi kwetu tunasema fisi hakabidhiwi bucha. Wao wanasema fisi ana uzoefu. Basi Gaspari Nguvila akawa Mheshimiwa Waziri wa Misitu wa Jimbo.

Alipewa katibu, Bwana Mdendemi, mtu mwembamba mwenye suti ya kijani. Kazi ya Katibu Mdendemi ilikuwa kubeba Nyundo ya Jimbo juu ya mto wa hariri. Ni nyundo kama nyundo nyingine, ila usoni mwake imechongwa nembo ya serikali. Mti uliogongwa na nyundo hiyo unabaki na alama. Na Waziri alitunga sheria: mti wenye alama ya nyundo haujakatwa, umehamishwa. Tangu siku hiyo katika jimbo lote hapakukatwa mti hata mmoja. Vilima vilihamishwa vyote, na Waziri akapewa tuzo ya kulinda mazingira.

Msidhani haki haikuwepo. Kila mti uliandikiwa wito na kubandikiwa shinani: "Wewe mti uliotajwa hapo juu, unatakiwa kujieleza kwa nini usihamishwe. Ukikaa kimya itahesabika kwamba umekubali." Kisha Katibu Mdendemi alisimama mbele ya mti na kuuita kwa sauti. Miti yote ilikaa kimya. Wifi anasema mmoja tu ulidondosha tawi, nao ukaongezewa kosa la kudharau.

Na kila mwaka ilikuwepo Siku ya Kupanda Miti. Bendi ilipiga, watoto wa shule waliimba juani, na Waziri alipanda mche. Mche ulikuwa ule ule. Wageni wakiondoka, Katibu aliung'oa taratibu, akaurudisha kwenye kopo lake, akaumwagilia hadi mwaka ujao. Ulikuwa mche mwaminifu sana, ulihudumu muda mrefu kuliko mawaziri wengi.

*

Ikafika siku Baraza la Jimbo likajengewa jumba jipya, nalo likataka viti vya mvule. Katika jimbo zima mvule ulikuwa umebaki sehemu moja tu: Kitovuni.

Bibi Vaileti alipopata habari alikuja mjini kwa miguu na mwisho kwa lori la viazi. Tusekile, aliyekuwa mpishi wa nyumba ya Gaspari, ndiye aliyemfungulia mlango wa jikoni, maana wa mbele askari walimkatalia. Akampa uji. Bibi akaunywa wima, akaingia sebuleni.

"Shikamoo mama," Gaspari akasema bila kuinuka.

"Marahaba. Gaspari, nimesikia unautaka msitu."

"Siutaki mimi, mama. Unatakiwa na maendeleo."

"Chemchemi itakauka."

"Waziri wa Maji atawaletea magari."

"Na usingizi wa watu? Naye yuko Waziri wa Usingizi?"

Gaspari akacheka, na Katibu aliyekuwa pembeni akacheka baada yake. Lakini Tusekile, aliyekuwa amebeba sinia la chai, aliona kicheko cha bwana mkubwa kimefika nusu kikakwama. Mtu hata awe nani, kitovu chake anakikumbuka.

"Sawa, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Nionyeshe wangu. Wangu utaachwa. Hiyo mingine ndiyo itakayohamishwa."

Bibi Vaileti akatikisa kichwa. "Sikuonyeshi."

"Mama!"

"Usipojua wako ni upi, yote ni yako. Ogopa kuukata wowote." Akafunga kanga yake vizuri. "Haya, mwanangu, nimeshasema. Mpishi wako anapika uji mzuri." Akatoka kwa mlango ule ule wa jikoni.

Kwa muda msitu ukapona. Wifi anasema hakuwahi kuona serikali nzima imezuiliwa na kizee kimoja kilichokataa kunyoosha kidole.

Lakini serikali ikishindwa kujua jambo, huunda tume. Ikaundwa Tume ya Kuutambua Mti wa Mheshimiwa, mwenyekiti wake Katibu Mdendemi. Waziri akapelekwa Kitovuni, akaketishwa msituni kwenye kiti chenye mto, daktari akamfunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha. Katibu akawa anagonga mti mmoja mmoja kwa Nyundo ya Jimbo, huku daktari anasoma presha. Mti ukigongwa, presha ikitulia, si wake. Watu wa Kitovuni walisimama mbali wakitazama. Bibi Vaileti alikuwa miongoni mwao, uso wake kama ukuta.

Wakagonga na kugonga. Palikuwa na mvule mdogo uliopinda karibu na chemchemi, umekonda kama mtu aliyezaliwa mwaka wa njaa. Katibu hata kuugonga hakuugonga. "Huu hauwezi kuwa wa mheshimiwa," akasema, "haujashiba." Wakafika kwenye mvule mmoja mnene, mkubwa kuliko yote. Katibu akagonga kwa heshima. Tawi kavu likakatika huko juu likaanguka karibu na kiti cha Waziri, naye akaruka, presha ikapanda.

"Umetambulika!" Katibu akapaza sauti. Tume ikapiga makofi.

Mti mnene ukazungushiwa waya, ukawekewa kibao, MTI WA MHESHIMIWA, na askari wawili wa kuupigia saluti asubuhi na jioni. Mingine yote ikahamishwa wiki ile. Bibi Vaileti hakulia. Ila ule mdogo uliopinda ulipolala chini, Tusekile, aliyekuja kuupikia msafara, alimwona akiweka mkono kifuani. Malori hayakuuchukua. Mti uliopinda hautoi kiti. Bibi akaomba watu wamsukumie lile gogo mpaka mlangoni kwake, awe analikalia.

*

Tangu wiki ile watu wa Kitovuni hawakulala. Wakubwa kwa wadogo, walijilaza chali wakitazama paa. Chemchemi nayo ikanyamaza. Walipeleka malalamiko wilayani, na wilaya ikajibu kwamba maji yatakuja kwa magari, na kwamba usingizi si huduma ya msingi.

Lakini katika jumba jipya la Baraza, loo! Waheshimiwa walipokalia viti vile vya mvule, mgongo ukigusa ubao tu, kichwa kinaanguka. Walilala usingizi mzito, mtamu, wa kitoto, usingizi ambao mtu wa umri wao na dhambi zao hana haki nao. Walikuwa wanalala usingizi wa watu wengine. Spika alilala na rungu mkononi. Waandishi wa habari waliambiwa kwamba waheshimiwa wanatafakari.

Mmoja tu hakulala. Gaspari Nguvila alikaa katikati ya mikoromo, macho makavu kama ya samaki. Nyumbani hakulala, kwenye gari hakulala. Kiti chake Barazani kilikuwa mvule kama vya wenzake, lakini yeye ni wa Kitovuni, halali ila kwenye ubao wa mti wake mwenyewe, na kiti hicho kilitoka kwenye mti wa mtu mwingine, nacho hakikumtambua.

Mwanzoni alitumia muda huo vizuri. Alisimama Barazani akasema, "Natoa hoja mimi niwe Gavana wa Jimbo. Nani anapinga?" Kimya. Kama ile miti. "Imepita," akasema, akajipigia makofi.

Kisha uchovu ukamwingia. Tusekile alimchemshia maziwa, akamchemshia majani ya mchaichai, akamkandia maji ya moto miguuni. Wapi. Macho yake yakawa mekundu, akawa anazungumza na kuta. Kukosa usingizi kwa kijiji kizima kulikuwa malalamiko. Kukosa usingizi kwa Gavana kukawa janga la taifa. Makanisa na misikiti ikaagizwa kuomba. Ikatoka Sheria ya Mshikamano wa Macho: mtu yeyote wa serikali haruhusiwi kulala wakati Gavana yu macho, isipokuwa waheshimiwa wa Baraza, kwa kuwa wao wanatafakari. Makarani wakawa wanaegemea kalamu. Madereva wa serikali wakawa wanaingia na magari mitaroni, macho wazi kwa heshima. Hata Tusekile, mpishi tu, alipigwa marufuku kusinzia, akaunguza maharage ya wiki nzima.

Mwishowe Gavana akafunga safari kwenda kwa mama yake.

Alimkuta mlangoni, amekalia gogo lake lililopinda, anachambua mboga. Tusekile alikuwa ameletwa kubeba chakula cha bwana, kwa hiyo alisikia kila neno.

"Mama, shikamoo. Walikosea, sivyo? Ule mnene si wangu."

"Marahaba. Kaa," akasema Bibi, akasogea kumpisha kwenye gogo. "Kaa hapa, upumzike."

Katibu Mdendemi akaruka. "Mheshimiwa, gogo lina vumbi!" Akaleta mbio kile kiti chenye mto. Gavana akaketi juu ya mto.

Bibi akatazama kile kiti, akatazama nafasi iliyobaki wazi kwenye gogo. Akaendelea na mboga zake.

"Mama, sijalala. Ninakufa. Niambie mti wangu ulikwenda wapi."

"Na mimi sijalala, Gaspari. Tangu uliponunua ile mashine yako ya kwanza. Wangu ulikuwa kwetu, kwenye kile kilima ulichoanza nacho."

Tusekile anasema Gavana aliinuka nusu kwenye mto wake, akaketi tena.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha na mashine yako. Sikutaka kukuharibia." Akatupa bua la mboga pembeni. "Nitakwambia ulipo wako. Lakini kwanza rudisha mbao za watu. Kila mtu apewe ubao wake, alalie. Siku wa mwisho wa Kitovuni atakapopata usingizi, njoo, nitakuonyesha."

"Mama, zile mbao sasa ni viti vya serikali. Zina alama ya nyundo."

"Basi zivunje."

"Hatuwezi kuvunja Baraza kwa sababu ya usingizi wa wanakijiji!"

"Haya," akasema Bibi Vaileti. "Ukae macho salama."

Gavana akaondoka. Akaamuru vitanda vyote na milango yote ya mvule ya jimbo ikusanywe, alale juu ya kimoja kimoja. Ziara zake zikawa hizo: gari linafika, bendi inapiga, Gavana anajilaza juu ya mlango wa mtu, anainuka, anapunga mkono, anaondoka. Hakuna kilichomfaa.

*

Bibi Vaileti alifariki kiangazi kile, akiwa njiani kwenda kupanga foleni ya maji.

Kijiji kizima hakikuwa na ubao, hata vitanda na milango vilishakusanywa. Watu waliomba lile jeneza waliloahidiwa kwenye kampeni, wakajibiwa kwamba liko kwenye mchakato. Fundi Lameki akatazama huku na huku, akaona gogo mlangoni kwa marehemu. Akalipasua. Mbao zikatoka fupi na zilizopinda, akaziunga hivyo hivyo, likatoka jeneza lenye kibiongo. Hakujua ni mti wa nani. Aliyekuwa anajua ndiye aliyekuwa analazwa humo.

Gavana alikuja na msafara, mahema, na kipaza sauti. Ilikuwa mchana, jua la utosi. Watu wa Kitovuni walisimama nyuma ya kamba, askari mbele yao, macho yote mekundu, ya wa mbele na ya wa nyuma. Katibu Mdendemi akasoma wasifu: "Marehemu alikuwa mdau mkubwa wa sekta ya misitu, aliyetoa kitovu cha mwanawe kwa ajili ya ujenzi wa Baraza letu tukufu..."

Gavana akasogea kuaga. Tusekile anasema wakati ule alikuwa analia kweli, hilo asinyimwe. Akapiga magoti, akakumbatia jeneza, akaweka shavu juu ya mfuniko. "Mama," akasema. Kisha akasema "Ma..." na hakumaliza.

Alikuwa amelala.

"Mheshimiwa anatafakari," Katibu akanong'ona kwenye kipaza sauti. Ukasikika mkoromo wa kwanza, mrefu, kama msumeno unaoingia kwenye gogo.

Na sheria ni sheria. Gavana akilala, wa serikali wote wana ruhusa. Askari wa kwanza akaegemea bunduki, akateleza chini. Bendi ikalala na matarumbeta. Madereva wakalalia honi. Katibu Mdendemi alijaribu kumalizia ukurasa, akakunjamana juu ya mto wa hariri na nyundo yake. Chini ya mahema hakubaki mtu macho hata mmoja, isipokuwa Tusekile aliyekuwa anajifinya mapaja asianguke. Nyuma ya kamba, kijiji kizima kilikuwa macho, kama kawaida yake.

Fundi Lameki akapita kamba. Akapapasa jeneza kwa kiganja.

"Kumbe ni wewe," akaliambia. "Na mimi nimekupasua."

"Mwamsheni tuzike," mama mmoja akasema. "Mwili haungoji."

"Tukimwamsha atajua kilichomlaza," akajibu Lameki. "Akijua, jeneza hili haliingii ardhini. Ataondoka nalo, na mama yake ndani yake, akalifanye kitanda."

"Huyo? Anaweza?"

"Nilivuta naye msumeno mmoja. Anaweza."

Kisha Lameki akatoa koleo mfukoni, akang'oa misumari ya upande wa miguuni, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Wanawake wakamvuta Bibi Vaileti nje, wakamfunga kwa kanga zake na mkeka. Alikuwa mwepesi. Gavana hata hakugeuka. Lameki akarudisha ubao, akagongomea kwa jiwe lililofungwa kitambaa.

"Kesho azike sanduku au alilalie," akasema. "Shauri lake."

Wakamchukua Bibi hadi msituni, yaani pale palipokuwa msitu. Visiki vimejaa kama viti vya mkutano ulioahirishwa. Wakamzika penye kisiki kidogo karibu na chemchemi kavu, bila ubao hata mmoja. Tusekile alifuata nyuma na kibuyu cha uji, maana hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

Mvule mnene ulisimama pale peke yake, ndani ya waya, askari wake wawili wamelala chini ya kibao.

"Hivi huu ni wa nani?" Tusekile akauliza.

"Si wa mtu," akasema Lameki. "Umeota wenyewe, mbegu ililetwa na ndege. Hauna kitovu chini yake. Ndio maana umenenepa, hauna wa kumwaza."

Wakakaa juu ya visiki kuzunguka kaburi. Jua likaanza kushuka. Hakuna aliyelia na hakuna aliyeondoka. Kutoka kijijini mkoromo wa Gavana ulisikika mpaka pale, unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi.

"Sasa nanyi laleni kidogo," Tusekile akawaambia. "Sheria imeruhusu."

"Sisi haituhusu, dada. Usingizi wetu uko Barazani, wanaulalia wenyewe wakubwa." Lameki akamtazama. "Wewe mti wako uko kwenu?"

"Uko kwetu. Mparachichi, nyuma ya jiko la marehemu mama. Kaka yangu aliupogoa tu, hakuukata."

"Basi wewe unaweza. Lala. Sisi tutakulinda."

Tusekile akaona aibu, akasema hapana, hatalala mbele ya watu ambao hawawezi. Akajifinya tena. Lakini alikuwa amekesha kwa amri ya serikali siku nyingi mno, na mchanga wa kaburi jipya ulikuwa bado na baridi kidogo. Akaegemea kisiki. Kitu cha mwisho alichokiona ni wale watu wote wameketi wima, wazee kwa watoto, macho wazi, wanamtazama jinsi mtu anavyosinzia, kama wenye njaa wanavyomtazama mwenzao akila.

Kisha akalala, na yaliyofuata hakuyaona.